Kiingereza cha adabu: jifunze kuiona "hapana" ilipojificha

Leo naomba tuweke pembeni mpira na siasa kidogo, nilete kitu ambacho mtu anaweza akakiprinti na kukiweka kwenye bahasha moja na vyeti vyake. Ni orodha ya Kiingereza kile kinachotuchanganya. Siongelei yale maneno magumu ya kwenye kamusi. Naongelea maneno mepesi kabisa, ambayo kila moja unalijua, lakini yakikaa pamoja yanasema kitu kingine.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu, digrii ya lugha sina. Ila kwenye hizi kafe za intaneti nimewasomea watu barua nyingi. Mtu anafungua barua pepe yake, anaisoma mara mbili, halafu anakugeukia: "Hivi kaka, hapa wamenikubali au wamenikataa?" Mara nyingi huyo mtu kila neno analijua, tatizo ni kwamba barua imeandikwa kwa adabu mpaka jibu limefunikwa.

Haya twende.

NAHAU NA TAFSIDA NI VITU VIWILI

Nahau ni maneno yanayotembea pamoja, na ukiyatenganisha maana inapotea. Sisi tunasema "kula njama". Mgeni akitafsiri neno kwa neno atauliza hiyo njama inapikwa na nini. Nahau haina nia mbaya, inakuchanganya tu kwa sababu hukukulia kwenye hiyo lugha.

Tafsida ni neno laini linalowekwa mahali pa neno kali. Tunasema mama "amejifungua", mzee "ametutoka", mgeni anaomba "kwenda msalani". Hapo tunasitiri, na ni jambo zuri, ndiyo utu wenyewe. Lakini tafsida ina kazi ya pili, kuficha. Hapa mwenye kusema anajua kabisa kwamba angetumia neno lenyewe ungeruka, ungeuliza maswali, au ungedai haki yako. Kwa hiyo anakupa neno tamu. Hizi za pili ndizo zinazoumiza watu, nitazifikia huko chini.

NAHAU ZINAZOSUMBUA WENGI

"It's raining cats and dogs." Mvua kubwa inanyesha. Hakuna paka wala mbwa. Msemo huu ni wa zamani, mwandishi Jonathan Swift aliutumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1738.

"Kick the bucket." Kufa. Kamusi ya maneno ya mtaani ya Francis Grose iliyotoka London mwaka 1785 tayari ilikuwa nayo. Angalizo: hii ni ya utani. Usiiandike kwenye ujumbe wa rambirambi, utagombana na wafiwa.

"The ball is in your court." Zamu ni yako sasa, amua wewe. Inatoka kwenye tenisi. Bosi akikuandikia hivi ujue anasubiri jibu lako, ukikaa kimya kosa ni lako.

"Cut corners." Kulipua kazi.

"Under the weather." Kutojisikia vizuri, kuumwa kidogo. Haihusu hali ya hewa.

"Once in a blue moon." Kwa nadra mno. Mtu akikwambia kampuni yao inaajiri hivyo, tafuta kwingine.

"Pull some strings." Kutumia kujuana ili jambo lipite.

"Red tape." Urasimu, ile njoo kesho njoo keshokutwa. Zamani Uingereza makaratasi ya serikali na ya mahakama yalifungwa kwa utepe mwekundu, ndiyo jina likabaki.

"White elephant." Mradi uliokula pesa nyingi na hauna faida. Inasimuliwa kwamba wafalme wa Siam, ambayo leo ni Thailand, walimpa tembo mweupe mtu waliyetaka kumfilisi. Kumtumikisha haruhusiwi, kumrudisha hawezi, na kumlisha lazima.

"Beat about the bush." Kuongea kwa kuzungukazunguka bila kufika kwenye hoja. Hapa muwe makini, kwa sababu inafanana kwa sura na "kuzunguka mbuyu" yetu, na yetu ni kutoa rushwa. Ukitafsiri moja kwa nyingine unaweza ukamtuhumu mtu wa watu ambaye kosa lake ni maneno mengi tu.

TAFSIDA ZA MWILI, CHOO NA MSIBA

Hizi nyingi ni za kusitiri, hazina ubaya.

"Passed away", "passed on", "no longer with us." Amefariki. Na "the late" mbele ya jina la mtu ni marehemu. Si kwamba amechelewa.

"Expecting", "in the family way." Mjamzito.

"Restroom", "bathroom." Kwa Wamarekani ni choo, hata kama hakuna mahali pa kupumzika wala pa kuogea.

"Spend a penny." Waingereza wazee husema hivi wakitaka kwenda haja. Zamani milango ya vyoo vya umma kule ilikuwa haifunguki mpaka utumbukize senti moja yao.

"Short call" na "long call." Hizi, wadau, ni za kwetu huku Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Kenya, Uganda au Tanzania akimwambia mwalimu anakwenda "short call" anaeleweka. Ukimwambia Mwingereza akiwa kwao, atadhani unakwenda kupiga simu.

"Put to sleep." Ukiambiwa na daktari wa mifugo kuhusu mbwa wako, ujue anazungumzia kumuua kwa sindano. Usikubali harakaharaka ukidhani anamlaza apumzike.

"We will make him comfortable." Hii ni ya hospitali na ni nzito. Daktari akisema hivyo juu ya mgonjwa aliyezidiwa, au akitaja "palliative care", mara nyingi anamaanisha kwamba kazi iliyopo sasa ni kupunguza maumivu, siyo kuutoa ugonjwa wenyewe. Familia nyingine zinasikia neno zuri zinarudi nyumbani na furaha. Muulize kwa upole, kwa Kiswahili: "Daktari, mnamtibu apone, au mnampunguzia maumivu?" Una haki ya kujua, kuna ndugu wa kuitwa kutoka mkoani.

TAFSIDA ZA KAZI: HAPA NDIPO PENYE PESA

Kwanza zile za kuomba kazi.

"We regret to inform you." Umekosa. Barua yoyote inayoanza hivyo hata usiimalize kwa matumaini. "Unfortunately" ni ndugu yake.

"We were impressed by your application, however..." Hizo sifa za mwanzo ni ganzi. Sindano iko baada ya "however". Anza kusoma kuanzia hapo.

"We will keep your CV on file." Umekosa pia. Karatasi yako itakaa kwenye faili na wewe usikae kusubiri simu.

"Only shortlisted candidates will be contacted." Ukimya ndiyo jibu lenyewe.

"Competitive salary." Mshahara hawajautaja. Uulize kabla hujapanga chumba karibu na kazini.

Sasa zile za kuondolewa kazini, na hapa naomba tuende taratibu.

"We have decided to let you go." Umeachishwa kazi. Neno kwa neno unaweza ukadhani umeruhusiwa kwenda mahali, na kuna jamaa mtaani kwetu alielewa hivyohivyo. Alikuwa ameomba likizo, akapewa barua yenye sentensi hiyo pamoja na maneno ya kumshukuru kwa mchango wake, akarudi nyumbani akijua ameruhusiwa kupumzika. Aliniletea ile barua baada ya wiki tano, kwa sababu mshahara ulikuwa haujaingia. Kampuni siitaji. Barua ilikuwa na adabu tele, na ndani yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba amefukuzwa.

Kwa nini wiki tano ni ishu? Kwa sababu Tanzania Bara, mtu anayedai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali anatakiwa apeleke mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Ukichelewa unaweza kuomba upokelewe nje ya muda, lakini lazima ueleze sababu ya maana. Kwa hiyo neno moja laini linaweza kukulia siku zako zote na wewe umekaa barazani unakunywa kahawa.

"Redundancy", "retrenchment", "downsizing", "rightsizing", "restructuring." Yote haya ni kupunguza wafanyakazi. Ila yana tofauti kubwa na kufukuzwa kwa kosa, na hiyo tofauti uishike. Kwa kupunguzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi kabla. Pia kuna kiinua mgongo, siyo chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mpaka miaka 10, kama umefanya kazi mwaka mzima na kuendelea. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati hicho. Kwa hiyo angalia barua yako imetumia neno gani, maana kila neno lina bei yake.

"Mutual separation", "we have mutually agreed to part ways." Tumekubaliana kuachana. Swali: wewe ulikubaliana lini? Ukisaini karatasi hiyo unasema kwamba hukufukuzwa, uliafiki mwenyewe. Inaweza kuwa na malipo mazuri, sikatai. Lakini usisaini siku hiyohiyo. Omba nakala, mpelekee mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria aisome.

"Unpaid leave until further notice." Likizo bila malipo mpaka utakapoambiwa. Likizo isiyo na tarehe ya kurudi iulizie kwa maandishi: narudi lini, na bado ni mwajiriwa?

ADABU YA WAINGEREZA INAVYOWEZA KUUA

Kuna wanaodhani hizi ni shida zetu sisi tuliosoma shule za kata. Hapana. Hata watu wawili ambao Kiingereza ni lugha ya mama zao wanapotezana.

Mwingereza akisema "quite good" mara nyingi anamaanisha nzuri kiasi, inaridhisha. Mmarekani akisema hivyohivyo anamaanisha nzuri sana. Mwingereza akisema "not bad" anasifia. Akisema "interesting" kwa sauti ya chini, pengine wazo lako hajalipenda. Akianza na "with all due respect" jiandae, anakuja kukupinga. Akisema "I'll bear it in mind", basi ameshaliweka pembeni. Na "to table" jambo kwenye mkutano, kwa Uingereza ni kulileta lijadiliwe, kwa Marekani ni kuliahirisha. Churchill aliandika kwenye kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa pande hizo mbili walibishana muda mrefu juu ya neno hilo, kumbe wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Lakini kisa kinachosimuliwa sana ni cha Korea, Aprili 1951, kwenye Mto Imjin. Kikosi cha Gloucestershire cha Waingereza kilikuwa kimezingirwa na majeshi ya China yaliyokuwa mengi kupita kiasi. Kamanda wao wa brigedi, Thomas Brodie, alipoulizwa hali na jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake, alijibu kwamba mambo ni "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Kwa Mwingereza hiyo maana yake ni tunakwisha, tusaidieni. Mmarekani akaelewa kwamba ni kugumu kidogo ila wanamudu. Vita ina sababu nyingi na sisemi neno moja ndilo lililowaponza, lakini wale askari walibaki kilimani, na mwishowe zaidi ya 500 wa kikosi hicho walitekwa.

Sasa kama jenerali alipigwa chenga na "kidogo", wewe na mimi tusione aibu kuuliza.

TAFSIDA ZA WAKUBWA

Hizi unazikuta kwenye habari, na zimetengenezwa makusudi.

"Collateral damage." Raia waliouawa na mali zilizoharibiwa ambazo hazikulengwa.

"Friendly fire." Umepigwa risasi na jeshi la upande wako. Urafiki uko wapi hapo sijui.

"Enhanced interrogation." Jina ambalo serikali ya Marekani ililitumia baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kwa njia za kuwahoji watu waliokamatwa, ikiwemo kumfunga mtu na kummiminia maji usoni mpaka ahisi anazama. Jina letu ni mateso.

"Economical with the truth." Kubana matumizi ya ukweli. Ilipata umaarufu mwaka 1986, Robert Armstrong, katibu wa baraza la mawaziri la Uingereza, alipoitumia mahakamani Sydney kwenye kesi ya kitabu cha Spycatcher.

"Cost sharing." Hii wazazi wetu wanaijua. Ilikuja huku kwetu kipindi kile cha masharti ya IMF na Benki ya Dunia, na kufika miaka ya 1990 ilikuwa imezoeleka. Kuchangia gharama, neno zuri kama la harusi. Maana yake mtaani ilikuwa moja tu, hospitali njoo na hela.

"Technical services." Hii ni ya kwetu kabisa. Mnaikumbuka rada? Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza kampuni ya BAE Systems faini ya pauni 500,000 kuhusu biashara ile ya Tanzania. Dola milioni 12.4 zilizolipwa kwa kampuni za mtu wa kati zilikuwa zimeandikwa kwenye mahesabu kama huduma za kiufundi. Na kosa lenyewe lililosomwa lilikuwa kutotunza vizuri kumbukumbu za mahesabu, neno rushwa halikuwemo kwenye shitaka. Halafu pauni milioni 29.5 zikaletwa Tanzania mwaka 2012 kwa ajili ya vitabu na madawati, kwa jina la "ex gratia payment". Hiyo ni ya Kilatini: nalipa kwa hisani yangu, sikiri kwamba nadaiwa. Yaani kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa lile sakata kila kitu kina jina la heshima.

Na tusijifanye malaika. Sisi tuna "chai", Wakenya wana "kitu kidogo". Tulikuwa na "takrima", iliyoingizwa mpaka kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, mgombea akawa anaruhusiwa kukirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Na mwaka 2008 tukasikia zaidi ya dola milioni moja zinaitwa "vijisenti". Kwa hiyo mchezo tunaujua. Tofauti ni kwamba ukichezwa kwa Kiswahili tunacheka na kushtuka palepale, ukichezwa kwa Kiingereza tunasema asante na kusaini.

MASWALI MATATU YA KUIULIZA BARUA

Barua yoyote ya Kiingereza ikikuchanganya, iulize hivi.

1. Nani amefanya nini? Barua za adabu zinapenda kumficha mtendaji. "It has been decided" imeamuliwa, lakini na nani? Mtafute.

2. Baada ya hii barua napata nini, nakosa nini? Andika kwa Kiswahili kwenye karatasi: mshahara upo au haupo, kazi ipo au haipo, ada nani analipa. Kama huwezi kujaza, barua hujaielewa, hata kama kila neno unalijua.

3. Kuna tarehe? Siku za kukata rufaa, siku za kujibu, siku za kulalamika. Zihesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa pale juu.

Ukikwama, jibu barua yao kwa sentensi moja: "Please confirm whether I am still employed." Au kama ni kazi uliyoomba: "Please confirm whether I have been selected." Ni Kiingereza cha shule ya msingi, lakini ni kigumu kukijibu kwa maneno matamu.

Nimeacha nyingi. Za benki na mikopo nitazileta siku nyingine, maana "terms and conditions apply" peke yake inahitaji ukurasa mzima. Kama una sentensi iliyokusumbua iweke hapo chini, ila ufute jina lako na la kampuni kwanza. Na wanaojua zaidi yangu wanisahihishe bila matusi, tunajifunza wote.

Nawakilisha.